Mapaa mawili, tangi moja: shajara ya ujenzi wa Maji ya Chai

Julai 9

Tumechimba mashimo matatu ya majaribio, kila moja kina cha mita moja na nusu. Sentimita hamsini za juu ni udongo mweusi, mwepesi, umejaa mizizi. Huo ni wa migomba na mboga, si wa ukuta, kwa sababu uozo wa majani huizuia saruji kushika. Tumeurundika kando ya ua wa masale, utarudi bustanini. Chini yake tumekuta tulichokuwa tukikitafuta: udongo wa kahawia unaoelekea wekundu, ukiufinyanga unabaki na alama za vidole.

Kwa atakayeisoma shajara hii baadaye, nieleze sisi ni nani. Ni kaya sita zilizokutana kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, zote zimepanga Usa River na Tengeru, vyumba viwiviwili, choo cha watu wengi, kodi ya miezi sita mbele. Kwa hisa za miaka mitano wamenunua nusu ekari hapa Maji ya Chai, wilaya ya Arumeru, Mlima Meru ukiwa mgongoni na barabara kuu ya Arusha–Moshi ikiwa chini yetu. Mimi ni binti wa mmoja wao. Nilisomea ujenzi Chuo cha Ufundi Arusha, na michoro ni yangu.

Mpango ni nyumba sita katika safu mbili zinazotazamana, tatu kila upande, uwanja katikati. Nyumba zinashiriki kuta. Nimepiga hesabu: kwa kuegemeana hivyo tunaokoa karibu matofali elfu moja, na mifuko 12 ya saruji juu yake. Jiko la pamoja nililipendekeza, kina mama wote sita wakalikataa, na baada ya kuwasikiliza nakubaliana nao. Mtu ana haki ya kupika chakula chake bila kuhesabiwa vipande vya nyama. Cha pamoja kitakuwa maji, karo la kufulia, na uwanja.

Julai 11

Vipimo vya udongo. Chupa kwanza: udongo theluthi moja, maji theluthi mbili, chumvi kidogo, tikisa, iache itulie mpaka kesho. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, vumbi laini linafuata, mfinyanzi unakaa juu kabisa. Mchanga wetu umezidi nusu, mfinyanzi upo wa kutosha. Kisha sanduku la mbao la urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4, limejazwa udongo uliolowa na kuachwa kivulini siku saba. Tutaona utasinyaa kiasi gani.

Julai 18

Umesinyaa milimita 34. Kwa kipimo hicho mchanganyiko ni saruji sehemu moja kwa udongo sehemu kumi na nne. Ungesinyaa chini ya milimita 15 tungekwenda hadi moja kwa kumi na nane. Fundi mkuu, ambaye miaka ishirini amejenga kwa tofali za bloku, ameshika kiuno: "Dada, saruji kijiko kimoja, udongo ndoo nzima?" Nimemwambia tungoje tofali liseme lenyewe.

Majibu ya maji nayo yamekuja. Tulipeleka maabara sampuli ya kisima kilicho jirani, kile ambacho wengi hapa wanakitegemea. Floraidi ni zaidi ya mara tatu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Hakuna aliyeshtuka. Jina la mahali hapa limetokana na rangi ya mto wake, na watoto wa huku unawajua wakicheka: meno ya kahawia yenye mistari. Madini haya yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yenyewe, ndiyo maana serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi hapo Ngurdoto, si mbali na kwetu. Kuyachemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki, kwa hiyo yanazidi kuwa makali.

Kwa hiyo la maji limetangulia la kuta. Mvua inashuka bila floraidi. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba zetu zitatengenezwa kuanzia juu kushuka chini: bati, gata, tangi, halafu ndiyo vyumba.

Agosti 2

Matofali ya kwanza yameharibika. Tulifyatua 140 kwa mashine ya mkono, aina ile ya matofali ya kufungamana iliyosambazwa nchini na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi. Babu yake mashine hizi ni ile iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950: sanduku la chuma, mfuniko na mkono mrefu wa kukandamizia. Yalitoka mazuri, kingo zimenyooka. Tuliyapanga juani. Siku ya nne yalikuwa yanamong'onyoka kona, na yale mawili niliyoyalaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha asubuhi yalikuwa tope.

Kosa halikuwa kwenye mchanganyiko. Jua la Agosti huku si kali lakini upepo unaoshuka mlimani unakausha, na saruji ikinyang'anywa maji kabla haijamaliza kazi yake inakufa. Mama wa nyumba ya nne ndiye aliyesema, "Kwani migomba ya nini?" Tumekata majani makavu na mabichi, tumefunika kila rundo kama vile watu wanavyofunika ndizi za kuivisha, na kumwagilia asubuhi na jioni. Siku saba chini ya majani, kisha kivulini hadi zitimie siku 28.

Agosti 14

Mawili ya mkupuo wa pili yamelala majini tangu jana. Yametoka mazima. Fundi mkuu alilidondosha moja kutoka usawa wa kiuno, likapiga chini likabaki zima. Hakusema neno, aliliokota akaliweka juu ya ukuta wa jirani akalitazama. Sasa yeye ndiye anayewakemea vijana wasipofunika.

Mfuko mmoja wa saruji unatupa matofali 80. Tunahitaji kama elfu kumi. Hakuna hata gogo moja la kuni litakaloteketea kwa ajili ya nyumba hizi, na hilo kwangu ni kubwa. Kila mtu anayekaa chini ya msitu wa Meru amewahi kuona tanuri la tofali za kuchoma likila miti wiki nzima, na moshi wake ukilala bondeni.

Agosti 31

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kila Jumamosi. Kaya inaleta watu wawili, na asiyeweza kazi ya mikono analeta chakula. Wa kuchekecha udongo, wa kuchanganya, wawili kwenye mkono wa mashine, mmoja wa kutoa tofali (huyu lazima awe na mkono mtulivu, na imedhihirika kijana wa miaka kumi na sita wa nyumba ya pili anawashinda wote). Jumamosi tunafika 300. Siku za kazi wapo vijana wanne wa kulipwa, kwa sababu siamini nyumba inaweza kujengwa kwa kujitolea peke yake. Watu huchoka, na aliyechoka anaanza kumhesabu mwenzake siku alizokosa.

Matofali 4,100 kwenye rundo.

Septemba 6

Leo nimeandika kidogo, nikafuta, nimeanza tena.

Tulikutana chini ya mringaringa kupitisha mchoro wa tangi. Hesabu zangu zilikuwa hivi. Mapaa mawili yana mita za mraba 240. Hata mwaka ukiwa mbaya ukatupa milimita 800 tu, na tukipoteza humusi moja kwa kuruka, kuvuja na kuosha bati, tunabaki na lita 153,600. Watu ni 30. Kwa kunywa na kupika tu, lita saba kila mmoja kwa siku, ni lita 210. Kuanzia masika inapoisha mpaka vuli iingie, tuseme siku 150, ni lita 31,500. Nikachora tangi la lita 40,000: mduara wa mita 4.6, kimo mita 2.4, nusu yake ndani ya ardhi ili lisizibe uwanja na gata zishuke vizuri. Bomba kwenye shimo, ngazi saba za mawe kushukia. Mchoro ulikuwa safi. Niliupenda.

Bibi wa nyumba ya tatu alisikiliza mpaka mwisho. Magoti yake yamepinda kwa nje, anatembea kwa fimbo mbili, na amekunywa maji ya mlima huu tangu alipozaliwa. Akaniita, "Mjukuu wangu, njoo." Nikaenda nikachutama mbele yake. Akasema, "Miguu hii imeliwa na maji mabaya. Sasa maji mazuri umeyapata, halafu unanichimbia shimoni?"

Watu walinyamaza. Mimi pia.

Nilipokuwa chuoni tulisoma habari za Hassan Fathy, Mmisri aliyeanza kujenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor mwaka 1945, kwa matofali ya udongo na mapaa ya kuba ya kupendeza mno. Familia nyingi zilizokusudiwa zilikataa kuhamia. Maisha yao na riziki yao vilikuwa kule kwenye kijiji chao cha zamani, juu ya makaburi ya kale, na hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanataka kuondoka. Nililijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Na bado nilichora ngazi saba kwa mtu asiyeweza kupanda hata kizingiti.

Septemba 13

Mchoro mpya. Tangi lote juu ya ardhi, pana na fupi: mduara wa mita 5.6, kimo cha maji mita 1.65. Ujazo ni uleule, lita 40,600. Limewekwa juu ya msingi wa mawe wa nusu mita ili ndoo iingie chini ya bomba, na pembeni kuna meza ya zege ya kuwekea ndoo ili mtu ajitwishe bila kuinama. Hakuna ngazi hata moja. Kutoka mlango wa Bibi mpaka bombani ni njia tambarare ya hatua kumi na tisa. Nimezihesabu kwa hatua zake, si zangu.

Gharama yake ni nafasi. Tangi pana limekula kipande cha uwanja ambacho nyumba ya tano ilikuwa imepanga kuotesha mboga. Baba wa nyumba ya tano hakufurahi, na nisingependa shajara hii imfiche. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba pana la mwingine limekuwa jembamba lake. Wamekubaliana apewe ule udongo mweusi wote wa Julai na eneo nyuma ya karo, ambako maji ya kufulia yatapita kwenye kitanda cha kokoto na kwenda kwenye migomba.

Kisha mama wa nyumba ya kwanza akasema ukuta mfupi namna hiyo, mviringo, katikati ya uwanja, unaomba baraza. Tutalizungushia benchi la mawe la sentimita 45. Mita 17 na ushee za kukalia. Sikuwa nimewaza kabisa.

Septemba 20

Kuhusu hati ya ardhi. Bibi ametaka majina yote sita yaandikwe, na ya wanawake yaandikwe pamoja na ya waume zao, kila ukurasa. Mwenyekiti alidhani ni kuchelewesha kazi. Bibi akamweleza kwamba mwaka 1951, Waingereza walipowaondoa Wameru Engare Nanyuki na kuwapa walowezi ardhi, yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuitetea ardhi ile. "Hatukuwa na karatasi," alisema. Majina yameandikwa.

Oktoba 4

Msingi wa mawe umekwisha pande zote mbili, juu yake jamvi la zege. Kuta zinapanda haraka kuliko nilivyotegemea: matofali yanapachikana kwa meno yake, chokaa ya kuunga haihitajiki isipokuwa mstari wa kwanza, ambao lazima uwe sawasawa kwa pima maji hata kama utachukua siku mbili. Wetu ulichukua tatu. Matofali 33 kwa mita ya mraba. Kila kona, na kila mita moja na nusu, nondo inapita kwenye matundu na kumiminiwa zege jepesi, kwa sababu huku ardhi hutikisika.

Kuta zinazoshirikiwa zinakwenda mpaka zikutane na bati, pasipo upenyo. Nimelisimamia hili mwenyewe. Nimekulia vyumba vya kupanga ambako ukuta uliishia darini na kikohozi cha jirani kilikuwa kikohozi chetu. Watu wanaotaka kukaa karibu wanahitaji ukuta mzuri.

Oktoba 25

Bati zimekuja na tumezirudisha. Tulilipia za unene wa geji 28, duka moja mjini likatuletea 32, nyembamba, unaikunja kwa vidole. Fundi mkuu ndiye aliyegundua kwa kuisikiliza ikipigwa. Siku tisa zimepotea. Ninalopenda kumwambia kila anayejenga: pokea bati kwa mizani, usipokee kwa macho.

Novemba 8

Linta imemwagwa safu zote. Mvua za vuli zimeanza na bado hatujaezeka safu ya mashariki. Tumefunika vichwa vya kuta kwa maturubai na mawe. Maji yamegusa mistari miwili ya juu, imechubuka kidogo kama ngozi, haikubomoka.

Novemba 29

Kenchi za mgrevilea, mbao za miti iliyokatwa kwenye mashamba ya kahawa ya jirani, zimepakwa dawa. Bati za geji 28. Kuna tundu la kupitisha hewa chini ya bati, limezibwa kwa wavu.

Vijana waliniuliza kwa nini hatuinui paa juu kabisa kama majengo ya msanifu Francis Kéré. Walikuwa wameona picha za shule aliyoijenga kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika mwaka 2001: matofali ya udongo, na bati limesimama mbali na dari ili joto litoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo. Nawapenda kwa kuuliza. Lakini Gando wanapambana na joto, na sisi hapa, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, Julai tunalala na blanketi mbili. Ukuta wetu wa udongo unalimeza jua la mchana na kulirudisha usiku taratibu. Tukiufungulia paa tutaupoteza huo ujoto. Tulichochukua kwake ni kujenga na watu wa mahali kwa udongo wa mahali.

Desemba 18

Kazi imesimama. Nusu ya mafundi ni Wachagga na wiki hii hata umlipe mara mbili hutamzuia asipande nyumbani Rombo na Marangu. Familia mbili tayari zimehamia safu ya magharibi.

Januari 22

Tangi. Wavu wa kuku tabaka mbili, waya umezungushwa kwa nje kila sentimita tano, karibu zaidi chini ambako maji husukuma kwa nguvu. Plasta ya saruji na mchanga uliooshwa, tabaka ya ndani na ya nje siku hiyohiyo, bila kupumzika kwa chakula cha pamoja. Tulikula kwa zamu. Ufa wa tangi huanzia pale fundi alipokwenda kula. Majani ya migomba yamerudi kazini, wiki tatu safari hii.

Februari 16

Mapipa ya maji ya kwanza. Bati lililokaa kiangazi chote lina vumbi, mavi ya ndege na masizi ya majiko. Milimita ya kwanza ya kila mvua ndefu inaingia kwenye pipa, si kwenye tangi. Kila paa lina mita za mraba 120, kwa hiyo lita 120 zinamwagwa. Pipa likijaa, mpira ulio ndani unaelea na kuziba mdomo, maji yanayofuata yanapita. Pipa lina tobo dogo chini linalovuja polepole, ili lijitayarishe lenyewe kwa mvua ijayo. Bila tobo hilo mtu angesahau. Wavu wa mbu kwenye kila mdomo.

Jioni tulizungumza na kina mama kuhusu magadi. Makande bila magadi hayaivi upesi, kila mtu anajua, lakini magadi ya huku nayo yana floraidi, na itakuwa kazi bure kuvuna maji safi halafu kuyatia floraidi sufuriani. Kuloweka mahindi na maharage tangu jana yake kunapunguza muda wa moto. Wawili wamekubali kujaribu. Mama yangu hajakubali. Anasema ladha si ileile, na ni kweli si ileile.

Machi 12

Mawingu yamekaa juu ya Meru siku tatu.

Machi 15

Imenyesha tangu saa nne usiku mpaka alfajiri. Nilikaa barazani nikisikiliza pipa la magharibi likijaa, kisha ule mlio wa mpira ukigonga mdomo, kisha maji yakianza kuanguka ndani ya tangi tupu. Sauti ilikuwa kubwa. Watu walitoka na mablanketi, watoto wakapewa ruhusa ya kukaa macho.

Kila sentimita ya kina ni lita 246, zaidi kidogo ya matumizi yetu ya siku moja. Kwa hiyo kijiti cha kupimia nilichokichonga hakina lita wala sentimita, kina siku. Mtoto akikitumbukiza na kukisoma anajua tumebakiza siku ngapi. Asubuhi kilionyesha 19.

Plasta mpya bado inatia maji uchungu wa chokaa, haya ya kwanza tutasugulia sakafu na kumwagilia migomba. Ya kunywa ni yatakayofuata.

Machi 24

Tumeshayamwaga yale, tumejaza mara ya pili. Kijiti: 23. Sampuli imekwenda maabara ileile.

Bibi alitoka saa kumi na mbili asubuhi kabla ya wengine, na ndoo ndogo ya lita tano imening'inia kwenye fimbo. Aliweka ndoo chini ya bomba, akakaa barazani akingoja ijae, akafunga. Hakuninywesha mimi wala hakunywa yeye. Alimwita kitukuu wake wa miaka mitatu, ambaye meno yake ya ukubwa bado hayajatoka.

Kesho: kupaka kijiti rangi, na kuziba gata la mashariki linalovuja kwenye kiungo cha pili.